UZI: Kuyatambua maguruneti ya mwanzo ya jeshi la Uingereza, 1908 hadi 1918 (kwa wapenda historia na wakusanyaji)

Mhunzi wa Pangani (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona humu watu wakiulizana kuhusu bomu la mkono la Mills na majibu mengi ni ya kubahatisha. Mimi naishi Birmingham, mji ambao bomu hilo lilitengenezwa, na kwa muda sasa nakusanya maganda matupu ya silaha za Vita Kuu ya Kwanza. Nimeona niweke ninachokijua mahali pamoja.

Kwanza la usalama, na sitanii. Kila ninachoandika hapa kinahusu ganda tupu lililokaguliwa, ambalo unalipata kwa muuzaji anayejulikana au kwenye mnada. Kitu ulichokiokota shambani, ulichokirithi kwenye sanduku la mzee, au ulichokifukua ukichimba choo, hicho hukigusi. Hukioshi, hukisugui kutu, hukifungui. Unaondoka, unawaita polisi. Baruti ya mwaka 1916 haijafa kwa sababu chuma kimekula kutu.

Sasa tuingie. Wanaoanza ukusanyaji huangalia umbo kwanza, na umbo huwadanganya. Mimi huanza na swali jingine: hili toleo lilikuja kurekebisha kasoro gani? Maana Waingereza walibadilisha maguruneti yao kila mara kwa sababu lililotangulia lilikuwa linaua mrushaji, au linagoma kwenye mvua, au kiwanda hakikuweza kulitoa kwa wingi. Marekebisho hayo yamebaki kwenye chuma hadi leo, na ndiyo yanayokupa umri wa kitu ulichoshika.

Karne ya 19 guruneti lilikuwa karibu limesahaulika. Vita ya Urusi na Japani ya 1904 na 1905, hasa kuzingirwa kwa Port Arthur, ndiyo iliyowazindua wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1908 Waingereza wakatoa la kwao, lililobuniwa kwenye karakana za silaha za Woolwich, London, ambalo baadaye liliitwa Namba 1. Ukiliona hulisahau: kichwa cha shaba chenye pete ya chuma kilichokatwa migawanyo, mpini wa henzirani wa kama sentimita 40, na mkia wa utepe wa kitambaa. Mkia ule ulikuwa na kazi. Bomu hili lililipuka kwa kugonga chini, kwa hiyo lilitakiwa litue kwa kichwa, na utepe ndio uliolinyoosha hewani. Kifuniko cha juu kilizungushwa kutoka alama ya safari kwenda alama ya kurusha.

Uwanjani kwenye majani, silaha nzuri. Ndani ya handaki, balaa. Askari akivuta mkono nyuma ili arushe, mpini mrefu unagonga ukuta wa handaki nyuma yake, na bomu la kulipuka kwa kugongwa halijui ukuta wa rafiki na wa adui. Ndiyo maana yakaja matoleo ya mpini mfupi. Kwa hiyo ukioneshwa Namba 1 sokoni, pima mpini kabla ya jambo lolote. Mrefu ni wa mwanzo, na ni adimu sana, maana henzirani na kitambaa huoza. Mengi yanayouzwa yana kichwa cha kweli na mpini uliotengenezwa juzi. Hilo si kosa, ila muuzaji aseme.

Vita ilipoanza Agosti 1914 hayo mabomu ya Woolwich yalikuwa machache mno, na handaki zilipochimbwa kila mtu akayataka. Hapo ndipo askari walipoanza kujitengenezea. Makopo ya jemu yalijazwa baruti na vipande vya chuma, yakachomekwa utambi. Huko Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915 Waaustralia na Wanyuzilandi walikuwa na karakana ya makopo ufukweni kabisa. Ufaransa, karibu na mji wa Béthune, ofisa wa wahandisi aliyeitwa Battye alisubu silinda fupi ya chuma yenye mikato, na bomu hilo likabaki na jina lake. Jeshi nalo likalirasimisha kopo la jemu likawa Namba 8 na Namba 9: kopo ndani ya kopo, baruti katikati, vyuma pembeni. Namba 12 ni sanduku lililofungwa kwenye ubao wenye mpini, linafanana na brashi ya nywele na ndivyo askari walivyoliita. Haya ya bati na mbao ndiyo magumu kuliko yote kuyapata yakiwa mazima.

Namba 15 nitaikalia kidogo, kwa sababu ina historia nzito. Ni tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita saba na nusu hivi, ukubwa wa mpira wa kriketi, na askari waliliita hivyo hivyo. Kuliwasha, mrushaji alivaa kwenye mkono kipande chenye dawa kama ya ubavu wa kibiriti, akakisugua kichwa cha utambi juu yake. Tarehe 25 Septemba 1915 Waingereza walishambulia Loos huko Ufaransa, na tufe hili lilikuwa mikononi mwa wengi kwa sababu la Mills lilikuwa bado halitoshi. Mvua ikanyesha. Kibiriti kilicholowa hakiwaki. Watu walisimama mbele ya Wajerumani na matufe ya chuma mkononi yasiyoweza kuwashwa, wakati wenzao upande wa pili wana mabomu yao ya mpini yanayofanya kazi. Kila nikishika Namba 15 naliwaza hilo.

Kwa mkusanyaji, Namba 15 ina hatari ya aina yake: ni tufe la chuma tu. Risasi za mizinga ya zamani, vizito vya mizani, hata mapambo ya mageti ya nyumba za Kiingereza, vyote vimewahi kuuzwa kwa jina hilo. Angalia tundu la juu na hesi zake, na unene wa ukuta wa chuma ukichungulia ndani.

Sasa Mills mwenyewe. William Mills alizaliwa 1856 Sunderland, alikuwa mtu wa kusubu alumini, hata fimbo za gofu za alumini alitengeneza. Mapema 1915 alichukua wazo la Mbelgiji, Kapteni Roland, akaliboresha mpaka likawa kitu kinachoaminika, na mwezi Mei mwaka huo jeshi likalipokea kama Namba 5. Ndani kuna kigongeo kinachosukumwa na springi, kinazuiwa na wenzo wa nje, na wenzo unazuiwa na pini. Ukichomoa pini hakuna kinachotokea mradi umebana wenzo kwa kiganja. Ukiachia tu, ndipo utambi wa ndani unapowaka. Hakuna kibiriti cha kulowa, hakuna kichwa cha kugonga ukuta. Kasoro zote mbili kubwa zilizotangulia zimeondolewa kwa mpigo mmoja.

Mamilioni kwa makumi yalitengenezwa kabla vita haijaisha. Baadaye Mills alilipwa pauni 27,750 na tume ya serikali ya kuwatuza wavumbuzi, na mwaka 1922 akapewa cheo cha Sir.

Namna ya kulisoma nitaieleza kwenye maswali, maana bandiko limekuwa refu. Karibuni.

---

Kijana wa Tukuyu

Naweka kambi hapa mkuu. Swali la haraka: hili la Mills na lile bomu la mkono la Wamarekani linaloitwa nanasi mbona kwenye picha ni kitu kimoja? Kuna namna ya kuyatofautisha bila kusoma maandishi?

---

Mhunzi wa Pangani

Mkuu wa Tukuyu, geuza chini. Mills ina kizibo kikubwa cha hesi kwenye kitako, kwa sababu kifaa cha kulipulia kiliingizwa kutokea chini. La Kimarekani na lile la Kifaransa la F1 halina kizibo kikubwa cha namna hiyo kwenye kitako, kifaa cha kulipulia kinaingia kutokea juu. Huna haja ya kujua Kiingereza hata herufi moja.

Angalia pia ubavuni, juu kidogo ya katikati: Mills ina kizibo kidogo cha pili, tundu lililotumika kumiminia baruti kiwandani. Vizibo viwili, kitako na ubavu, hiyo ni Mills.

Na nilisahihishe hili la nanasi. Wengi wanaamini mifereji ile ya nje ilichorwa ili chuma kipasuke vipande vya mraba. Haipasuki hivyo. Chuma cha kusubu hupasuka kinavyotaka, vipande vingine unga, vingine vikubwa kama kidole gumba. Mtu wa kawaida alirusha kama mita 30, lakini kipande kikubwa kiliweza kwenda mbali kuliko hapo, ndiyo maana mrushaji alifundishwa kujificha mara tu lilipotoka mkononi.

---

Mjukuu wa KAR

Shikamoo mleta mada. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), akapelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Alikuwa anasimulia "bomu la thelathini na sita". Ndilo hili la Mills? Na nimeona mtandaoni wameandika 36M, hiyo M ni nini?

---

Mhunzi wa Pangani

Marahaba mjukuu. Ndilo hilo hilo, ukoo mmoja, na swali lako limenipa nafasi ya kueleza ngazi zake.

Namba 5, 1915, la kurusha kwa mkono tu. Kizibo cha kitako hakina tundu katikati.

Namba 23 likafuata, kwa sababu mkono wa binadamu una mwisho wake na handaki la adui lilikuwa mbali zaidi. Kizibo kikatobolewa tundu la hesi katikati, fimbo ya chuma ikafungwa hapo, fimbo ikaingizwa kwenye mdomo wa bunduki, likafyatuliwa kwa risasi isiyo na kichwa. Lakini fimbo ziliharibu mitutu ya bunduki.

Namba 36 ndilo jibu la hilo. Badala ya fimbo, sahani ya duara ya chuma inafungwa kwenye tundu lile lile la kizibo, bomu linakaa ndani ya kikombe kilichofungwa mdomoni mwa bunduki, na moshi wa risasi unaisukuma sahani. Hapo mtutu umepona. Kwa kikombe lilifika mita 180 hivi.

M ni Mesopotamia, Iraki ya leo. Joto na unyevu wa kule viliharibu ndani ya bomu, basi wakalifungia vizuri zaidi kwa lakiri ili hewa isipite. Aina hiyo ndiyo iliyodumu kuliko zote: Vita Kuu ya Pili, Korea, na jeshi la Uingereza lililitumia mpaka 1972. Kwa hiyo la babu yako Burma karibu hakika ni 36M, lenye uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Utambi wa sekunde saba ulibaki kwa la kufyatuliwa na bunduki. La mkono likapunguzwa hadi sekunde nne baada ya mapigano ya Ufaransa ya 1940, kwa sababu sekunde saba ni nyingi, adui anaweza kuliokota akakurudishia.

Tena, 36M pekee haikupi tarehe ya zamani. India iliendelea kulitengeneza mpaka karne hii ya 21. Ukiona kizibo kimeandikwa 36M na muuzaji anakuambia "Vita ya Kwanza", mwombe akuoneshe mwaka.

---

Dada Mwatate

Samahani naingilia. Mimi ni mtu wa Taita Taveta. Shemeji yangu ana shamba upande wa Salaita, na wiki hii vijana waliokuwa wanachimba mtaro wamekuta kitu cha mviringo cha chuma, kina kutu, ukubwa wa ngumi. Mmoja amekiweka juu ya ukuta wa zizi. Baada ya kusoma bandiko lako la kwanza nimepata wasiwasi. Nikutumie picha utuambie ni aina gani?

---

Mhunzi wa Pangani

Dada yangu, usitume picha, maana mtu atalazimika kukisogelea ili aipige. Fanya hivi sasa hivi: watoto na mifugo waondolewe pale, asikiguse mtu tena hata kukirudisha kilipotoka, mtu mmoja asimame mbali azuie wapitao, na mpige simu kituo cha polisi. Waelezeni kilipo, wao watawaita wataalamu wa mabomu.

Salaita ilishambuliwa Februari 12, 1916, na Waafrika Kusini waliokuwa upande wa Uingereza wakarudishwa nyuma na askari wa Kijerumani. Mwezi uliofuata wakapigana Latema na Reata, pale pale jirani. Ardhi hiyo ilipigwa mizinga. Kitu hicho kinaweza kuwa chochote, na mtu wa Birmingham hawezi kukwambia ni salama kwa kuangalia simu. Wala mtu mwingine humu asijaribu.

Ubelgiji kule jeshi lina kituo kizima Poelkapelle, kazi yake ni kupokea na kuharibu mabomu ambayo wakulima wanayalima kila mwaka, miaka zaidi ya mia moja baadaye. Watu bado wanakufa nayo.

---

Bi. Asha wa Ngamiani

Mimi sijaelewa kitu kimoja, na nauliza kwa heshima. Hiki ni chuma kilichotengenezwa kuua watu. Unaliweka ndani kwako kwa furaha gani? Stempu zipo, sarafu zipo, mikoba ya ukindu ipo.

---

Mhunzi wa Pangani

Bi. Asha, asante kwa kuuliza. Furaha siyo neno ningelitumia. Vitabu vya vita vimejaa majemadari. Lakini ukishika Namba 1 yenye mpini mfupi, unajua kwamba kuna watu walikufa kwa mpini mrefu mpaka mtu mahali fulani akakubali kuukata. Hakuna sanamu ya watu hao. Ushahidi wao ni ule upungufu wa sentimita kadhaa za henzirani.

Tena kuna waliovitengeneza. Birmingham na miji mingi ya Uingereza, wanawake walifanya kazi ya kujaza na kuunganisha silaha viwandani, wengine wakageuka ngozi ya njano kwa sumu ya baruti. Nao wamo ndani ya kitu hiki.

Sikiweki sebuleni kama pambo, na wageni wenye watoto hawakioni. Lakini kikiyeyushwa kuwa nondo, habari hiyo inapotea.

---

Bi. Asha wa Ngamiani

Nimekuelewa mwanangu. Endelea kufundisha.

---

Mkata Tiketi

Mkuu hujatuambia namna ya kusoma kizibo na kukwepa feki. Mimi nina ndugu Leicester, nataka aninunulie moja.

---

Mhunzi wa Pangani

Haya, hapa ndipo penye kazi.

Kizibo cha Mills ni kama cheti cha kuzaliwa. Kiweke chini ya taa inayotoka ubavuni, siyo juu, herufi zitasimama zenyewe. Utaona zimezunguka duara: namba ya toleo, jina au herufi za kwanza za kiwanda, na mara nyingi mwezi na mwaka. Vya mwanzo kabisa vya Namba 5 ni alumini, na ukikumbuka Mills alikuwa fundi wa alumini hutashangaa. Vikaja vya shaba na vya chuma. Vya Vita ya Pili vingi ni vya aloi ya zinki, rangi ya kijivu iliyofifia. Kwa hiyo zinki pamoja na "No 5" haviendani, mtu ameunganisha.

Kuunganisha ndiko kunakosumbua zaidi kuliko feki kamili. Ganda la 36, kizibo cha 5, wenzo wa Vita ya Pili, pini mpya kabisa: kila kipande ni cha kweli na kitu kizima ni uongo. Nikichunguza huwa nauliza kama vipande vimezeeka pamoja. Kutu ya wenzo ifanane na kutu ya ganda lililo chini yake. Pale wenzo ulipolalia, rangi ya ganda inatakiwa iwe tofauti na penginepo, kwa sababu palikingwa kwa miaka. Pakiwa sawasawa na kwingine, wenzo huo umewekwa juzi.

Feki kamili ni ile iliyotolewa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka la kweli. Chuma kikipoa husinyaa, kwa hiyo nakala inakuwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na herufi zinalegea pembe, zinakuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika. Chukua na sumaku: ganda la kweli ni chuma, linanata. La alumini au la plastiki iliyotiwa unga wa chuma halinati inavyotakiwa na ni jepesi mkononi. Hesi za kizibo nazo: za zamani zimekatwa safi, za nakala zina vinundu.

Rangi usiiamini haraka. Mstari mwekundu karibu na shingo ulionesha bomu limejazwa, na mstari wa katikati ulionesha aina ya baruti. Rangi hizo ni rahisi kupaka upya na zinapandisha bei, kwa hiyo ndizo zinazoghushiwa kwanza. Mimi napendelea ganda lisilo na rangi lenye kutu ya ukweli.

Kuhusu ndugu wa Leicester. Uingereza ganda tupu lililokaguliwa linaruhusiwa kumilikiwa. Kusafiri nalo ni habari nyingine kabisa. Viwanja vya ndege havikubali guruneti kwenye mizigo hata kama ni tupu, hata kama ni la plastiki. Litazuia ndege, na ndugu yako atalala kwa polisi. Na huku nyumbani, sheria za silaha na milipuko si za kuchezea. Kabla hujaagiza kitu cha namna hii nenda kaulize polisi, upate jibu la maandishi. Akinunua, abaki nalo Leicester.

Na asinunue kwa watu wanaofukua. Ufaransa na Ubelgiji kuchimba viwanja vya vita kutafuta vitu bila kibali ni kosa, na miili ya askari bado imo humo.

---

Kijana wa Tukuyu

Darasa zito. Kwa mtu asiye na mfuko mkubwa anaanzia wapi?

---

Mhunzi wa Pangani

Anzia kwenye vizibo peke yake. Wapo wakusanyaji huku hawana hata ganda moja, wana vizibo tu, vimepangwa kwa viwanda na miezi. Kwenye trei moja unaona 1915 viwanda ni vichache, halafu 1916 majina yanaongezeka, wasubu vyuma, watengeneza vitanda, kila mwenye tanuru ameingizwa vitani. Ukiwa na uwezo zaidi, Namba 36 ya Vita ya Pili ndiyo iliyo nyingi sokoni, jifunzie hapo kabla hujaigusa Namba 5. Namba 1 iache kwa makumbusho. Ukija London pita Imperial War Museum, ukiwa Leeds ipo Royal Armouries.

---

Dada Mwatate

Narudi na taarifa. Polisi wamefika jana jioni, wamezungushia utepe, zizi limehamishwa. Wamesema wataalamu wanakuja na tusilime upande ule kwa sasa. Kijana aliyekibeba wamemhoji tu, wakamwacha.

---

Mhunzi wa Pangani

Ahsante sana dada kwa kuturudia. Mwambieni awaoneshe pia mahali hasa palipochimbwa, wapapime mtaro wote. Vitu hivi mara nyingi havikai kimoja kimoja.